Moshi wa Okoth Kwanza, Ndipo Magari Yaingie

Ukurasa huu niliuandika kwa kalamu mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye daftari la shule ambalo sasa mende wamelila pembeni. Nauchapa hapa kama ulivyo. Nilichobadilisha ni herufi mbili tatu tu.

Jumapili, saa nane mchana. Jua la kuchoma utosi, ziwa limetulia, upepo hakuna.

Daftari langu, nisamehe mwandiko. Naandikia juu ya goti. Leo hata kanisani sikwenda. Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, katikati ya kiwanja ambacho mwaka jana kilikuwa na magugu ya kufika kiunoni na mbuzi wa watu nisiowajua, na mbele yangu kuna lori kubwa la watalii, gari moja lenye kitanda ndani, na mahema kumi na moja.

Kumi na moja! Nimeyahesabu mara tatu.

Nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyapamba. Mimi mwenyewe najijua, hadithi nikiisimulia mara ya pili inakuwa na simba.

Wazo hili nilikuwa nalo tangu nikiwa dereva wa kampuni ya watalii Nairobi. Miaka tisa niliendesha Wazungu. Kila mahali nilipofika, Naivasha, Nakuru, mpaka pwani, nilikuta kuna mtu ana kiwanja chenye maji na choo, na magari yanaingia humo kulala. Hana hoteli wala kitanda hata kimoja. Ana ardhi tu, na mgeni anakuja na nyumba yake. Nikifika Kisumu kwetu, naona malori yale yale yanayokwenda Uganda yanasimama, yananunua mkate na mafuta, yanaondoka. Nilikuwa naumia. Ziwa lote hili, na watu wanakwenda kulala kwingine kwa sababu hakuna aliyewaambia karibuni!

Nilipopunguzwa kazini nikarudi na mke wangu Wanjiru na binti yetu Achieng', tukapanga chumba mtaa wa Obunga. Wanjiru ni mtu wa Nyeri, anauza mitumba soko la Kibuye, na ana kichwa cha biashara kuliko ukoo wangu wote. Siku moja nikampeleka kuona kiwanja hiki. Ni cha marehemu baba, kiko kando ya ziwa, nje kidogo ya mji. Alituachia sisi wawili, mimi na kaka yangu Okoth. Kimekaa bure tangu baba afe. Wanjiru akakizunguka, akakanyaga udongo kwa kisigino, akasema lori likiingia hapa wakati wa mvua litatolewa na trekta.

Hapo nikajua ameshakubali.

Basi tukaanza. Udongo hapa ni ule mweusi wa kunata, kwa hiyo tulimwaga mawe kwanza, kisha maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, juu yake, tukaushindilia wenyewe kwa pipa lililojaa maji. Tukachimba kisima. Tukachimba choo cha shimo chenye milango miwili. Mabafu ni ya mafunjo, manne, yana mbao chini ili mtu asikanyage matope akishaoga. Upande wa ziwa tumechimba mtaro na kuweka miiba, maana viboko hutoka usiku kula majani na hawajali kama kuna hema. Nikanunua mabati ishirini, ya kuezeka ofisi yangu na jiko la wageni. Pale juu kwenye mwinuko, ambapo ziwa linaonekana lote, nikapima nafasi sita za malori na kuzizungushia mawe niliyoyapaka chokaa. Nafasi zile sita nilizipenda kupita kiasi. Nilikuwa napanda pale jioni nasimama katikati yake, naelekeza magari ambayo hayapo.

Wiki iliyopita akapita dereva mmoja wa lori la watalii, jina lake Piti, ana ndevu nyekundu na Kiswahili alichookota barabarani. Akatazama choo, akaonja maji, akaruka ruka juu ya maramu. "Jumamosi saa kumi," akaniambia. "Mimi rudi kutoka Uganda na watu kumi na nane. Kama mahali nzuri, lori zetu zote lala hapa."

Lori zao zote. Sikulala siku mbili.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana lipo, na ni langu.

Kwetu mdogo hajengi boma kabla mkubwa hajajenga lake. Mtu yeyote wa huku anajua hivyo. Ukimruka kaka yako, watu wanasema utapatwa na chira, ule ugonjwa wa kukonda bila sababu unaowapata waliovunja miiko. Okoth ni mkubwa wangu kwa miaka minane. Anauza samaki Port Victoria, na hajajenga boma mpaka leo. Ukimwuliza anasema atajenga akipata mabati, kwa sababu hataki kuanza na nyasi kama enzi za babu. Miaka kumi na moja anasema hivyo. Na yeye asipojenga, mimi nangoja.

Mimi nikajiona mjanja. Nikasema moyoni, kwani ni nani anajenga? Sijasimamisha nguzo ya nyumba. Nimetengeneza mahali pa magari kusimama. Choo si nyumba, bafu si nyumba, na ofisi nitaezeka baadaye. Niliandikia barua kampuni za watalii Nairobi, nikaandika kwa kila hoteli mjini, lakini barua ya Port Victoria sikuandika. Naungama hapa. Sikusahau. Niliogopa jibu.

Okoth aliambiwa na akina mama wanaouza samaki. Kwa hiyo Ijumaa mchana, siku moja kabla Piti hajaja, nikamwona analetwa na miguu yake mirefu, mkewe Pamela nyuma, na mtoto wao wa kwanza ambaye siku hizi ana ndevu. Walikuwa njiani kwenda kijijini kumwona mama. Amebeba furushi la samaki wakavu, zawadi yangu.

Na siku hiyo hiyo, saa mbili tu kabla yake, wateja wangu wa kwanza kabisa walikuwa wamefika. Mzee mmoja na mkewe, Waholanzi, na gari lao lenye kitanda. Nilikuwa bado nachekelea.

Okoth alinisalimia vizuri. Kisha akaanza kulizunguka lile gari. Mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Akachungulia dirishani. Mlangoni palikuwa na jozi mbili za ndara, zimepangwa.

"Omera," akasema, yaani ndugu yangu, "hawa wazee wanalala hapa leo?"

"Ndio. Ni wateja."

"Ndani ya hii?"

"Ndani ya gari lao, ndio."

"Odhiambo, hii kitu iko na kitanda. Iko na jiko. Hata pazia iko. Mama anapika ndani na viatu wametoa mlangoni. Koro, sasa, wewe unaniambia hii ni gari?"

"Ina magurudumu," nikasema.

"Magurudumu ndiyo inalala ama ni watu?"

Nilijiandaa kwa kelele, maana kaka yangu akikasirika anasikika mpaka ng'ambo. Lakini hakupiga kelele. Aliweka lile furushi chini, akakaa juu ya jiwe langu moja la chokaa.

"Umeniruka," akasema.

Neno hilo moja lilinipiga kuliko kofi. Huyu ndiye aliyenilipia karo ya shule baba alipougua. Ndiye aliyenifundisha kuogelea hapa hapa, kwa kunisukuma ndani na kuniruhusu nilie. Na mimi nimeweka wageni walale na kuwasha moto katika ardhi ya baba yetu wakati yeye hana hata kuta nne pale, tena nimemficha. Nilianza kusema habari za biashara, nafasi, Piti na malori yake. Yeye akaniambia, wageni wakilala hapa leo, yeye hatakanyaga tena kiwanja hiki, na nisimwalike kwenye mazishi ya mtu.

Nikaenda kuwaomba wale wazee wahamie uwanja wa kanisa kwa usiku mmoja. Sikujua nieleze vipi. Mzee akakunja viti vyake, kisha akaniuliza kwa upole kama wamefanya jambo baya. Nilitamani kile kisima kinimeze.

Jioni, chumbani kwetu Obunga, nilizunguka kati ya kitanda na meza nikitoa hoja. Nilizitoa zote. Kwamba mimi ni Mkristo. Kwamba miaka kumi na moja si mchezo. Kwamba mtu hawezi kukalia bahati ya mwenzake kwa sababu ya nyasi na mabati. Wanjiru alikuwa anakunja suruali za mitumba, hanitazami.

"Baba Achieng'," akasema mwishowe, "wewe unataka kushinda kesi ama unataka magari iingie?"

"Vyote viwili."

"Hakuna vyote viwili. Huyo mtu anasema anangoja mabati. Na wewe uko na mabati ishirini imelala. Si umpe?"

Nikasema mabati ni ya ofisi. Akaniuliza ofisi nitakaa ndani yake na nani, kama hakuna gari. Nilikasirika saa nzima, kwa sababu alikuwa sahihi na nilikuwa sijalifikiria mwenyewe.

Alfajiri ya Jumamosi nikamfuata Okoth kwa binamu yetu alikolala. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, lakini nilipomwona yakapotea yote. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nilimficha kwa makusudi. Nikamwambia mabati yapo, nguzo za ua wangu zipo, na kwa desturi yetu nyumba ya kuanzia boma hujengwa kwa siku moja, basi siku ndiyo hii. Akaanza kuvaa viatu.

"Nitachagua mahali mimi," akasema.

"Wewe ndiye mkubwa."

Akachagua mwinuko. Bila shaka alichagua mwinuko! Palipo na nafasi zangu sita, na mawe yangu ya chokaa, na ziwa lote. Lakini nikainama nikayaondoa mawe mwenyewe, moja moja, sikutaka mtu mwingine ayaguse.

Baba mdogo wetu, Mzee Ogola, ndiye aliyesimamia. Okoth akaingia mbele kama desturi inavyotaka, mwanawe ana shoka na jogoo, Pamela amebeba moto ndani ya chungu kilichovunjika. Majirani walikuja bila kuitwa mara mbili. Yawa, jamani, sijawahi kuona kazi ikienda namna ile! Wanaume kwenye nguzo, wengine wanafunga fito, akina mama wanateka maji na kukanyaga udongo. Udongo ule mweusi niliokuwa nikiulaani mwaka mzima, kuutoa kwenye viatu tu ni kazi, ukikandikwa ukutani unashika vizuri sana. Wanjiru alipika samaki wa kulisha jeshi, akawa anamwamrisha Mzee Ogola asogee kwenye moshi, naye akasogea.

Saa sita kuta zilikuwa zimesimama. Saa tisa tukaanza paa.

Saa kumi kamili nikasikia mngurumo barabarani. Piti hajachelewa hata dakika. Lori likasimama langoni, watu kumi na nane wamejaa vumbi, wanatazama kilima chenye watu sitini waliojipaka matope. Nikakimbia. Mzee Ogola alikuwa ameshafika kabla yangu, amesimama katikati ya njia mikono nyuma.

"Moshi kwanza," akasema. "Hakuna mgeni ataingia kulala kabla mwenye boma hajawasha moto chini ya paa yake. Wangoje."

Nikamweleza Piti. Akatazama saa. Akaniambia ana watu wenye njaa, na wanahitaji mwanga wa kupigia mahema. Angengoja mpaka saa kumi na mbili, baada ya hapo anakwenda hotelini mjini, na hotelini wakimpa bei nzuri atabaki huko siku zote. Hakusema kwa ubaya. Kazi ni kazi, na mimi nimewahi kuwa dereva.

Nikapanda juu ya paa mwenyewe. Bati la kumi na tatu, la kumi na nne. Na hapo misumari ikaisha. Misumari ya mabati! Nilikuwa nimenunua ya ofisi ndogo, nani alijua nitaezeka boma? Aliyetumwa dukani na baiskeli hakurudi. Saa kumi na moja na nusu. Nilikaa juu ya ule mti wa paa nikitazama lori chini langoni, na nilikuwa karibu kulia, nasema kweli, mtu mzima mwenye mtoto.

Piti akateremka. Akafungua sanduku la vyuma ubavuni mwa lori, akaja na nyundo yake na kopo zima la misumari ya kila aina. Mzee Ogola akamtazama, akaitazama misumari, akasogea akampisha. Nyuma yake wakafuata wale wageni wengine, na sikuwa na muda wa kuwazuia. Msichana mmoja alishika ndoo ya udongo akajimwagia nusu yake kichwani, akina mama wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Piti alipiga misumari kama mtu anayedaiwa. Bati la ishirini lilishika mahali pake jua likiwa bado juu ya maji.

Pamela akaingia na moto. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, sikuweza kuiachia. Kisha moshi ukaanza kupenya chini ya mabati, mwembamba, halafu mwingi, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye mafunjo.

Okoth akatoka mlangoni, macho mekundu. Labda ni moshi. Akashuka moja kwa moja mpaka langoni, akasimama mbele ya lori lile, akaanza kulielekeza kwa mikono. Kaka yangu hajawahi kushika usukani maishani. "Kuja! Kuja! Kata kushoto! Simama hapo!" Na Piti akatii kila neno. Lori likakaa juu ya maramu yangu barabara, halikuzama hata kidole.

Wale wazee wa Uholanzi nikawafuata kanisani kwa miguu, nikawaongoza kurudi. Walikuta ugali na samaki vinawangoja. Nadhani sasa wameelewa, au wameamua kutoelewa na kufurahi tu.

Asubuhi ya leo Piti aliniambia malori yote ya kampuni yake yatakuwa yanalala hapa, la kwanza wiki ijayo. Nilimkumbatia. Ananuka dizeli, hata sijali.

Lakini niandike na hili, maana ni shajara yangu na si barua ya kampuni. Okoth alikuwa ameamka kabla ya wote. Alipita hema kwa hema, shati limefungwa mpaka shingoni, anauliza, "Umelala mzuri kwangu?" Kwangu! Wageni wanamshukuru yeye. Jirani aliyepita barabarani nimemsikia akisema kwa sauti kwamba Wazungu wamejaa kwa Okoth. Maramu ni yangu, kisima changu, mgongo unaouma ni wangu, na mahali pameshapata jina tayari. Kwa wivu nikaenda kujifanya nakagua choo.

Huko ndiko alikonikuta.

"Koro wewe," akasema, "yako utaweka wapi?"

"Yangu nini?"

"Nyumba. Mimi nishajenga. Nani anakuzuia tena?"

Nilisimama na ufagio mkononi. Daftari langu, jambo hili halikuwahi kunipitia akilini, si jana wala mwaka wote huu. Nina miaka thelathini na sita. Nimelala mabwenini, kwenye vyumba vya kampuni, ndani ya magari, kwenye chumba cha kupanga. Nimevunja mgongo kutengenezea watu nisiowajua mahali pa kulala, na mimi mwenyewe sijawahi kulala kwangu hata usiku mmoja.

Okoth ameshaenda zake, anamwonyesha Mholanzi mitego ya samaki. Wanjiru sijamwambia bado. Kumbe hana haja ya kuambiwa, maana namwona pale chini karibu na kisima, amevua viatu, anapima ardhi kwa hatua na midomo inahesabu. Amesimama. Ananipungia mkono, anauliza kwa sauti mlango utazame upande gani.

Mlango wangu utazame wapi? Naweka kalamu chini, naenda kusimama pale niangalie.